Arudishiwe Jembe Lake

Mwezi huu hatukuletei habari za mbegu wala za shule, bali neno zito linalotuhusu sote tukaao Kihesa na vijiji vilivyo kando ya mji wa Iringa. Twaomba lisomwe lote kabla ya kuhukumiwa. Tena lisomwe kwa sauti jioni, ili watu wa nyumbani wasiojua kusoma nao walisikie.

Yuko mtu mmoja tunayemfahamu. Jina lake hatulitaji, maana limekwisha kutajwa vya kutosha. Alikuwa mwashi, tena mwashi hodari; kuta alizozijenga zasimama hata leo, na wengine wetu twalala ndani yake. Miaka michache iliyopita alipatwa na ugonjwa wa akili. Usiku hakulala, mchana alisema na watu tusiowaona, siku moja alivua nguo njiani mbele ya watoto wa shule. Nduguze wakamfunga kamba kwenye nguzo ya jiko, akakaa hapo majuma matatu, hata kamba ikala nyama ya kifundo cha mguu. Mwishowe dada yake, mwanamke asiye na mali, aliuza mbuzi wake wawili, akampandisha basi lipitalo Mtera, akampeleka Dodoma katika hospitali ya Mirembe.

Alikaa huko miezi minne, akarudi amevaa vizuri, asema kwa taratibu, awajua watoto wake kwa majina, na mkononi ana karatasi ya dawa. Alipofika alikuta shamba lake la ekari mbili limelimwa na kaka yake mkubwa, na mahindi yamefika kiunoni. Hata jembe lake alilikuta mkononi mwa mtoto wa kaka huyo. Akauliza kwa upole. Kaka akamjibu, “Mdogo wangu, tulia kwanza. Mambo ya shamba yataka akili.”

Ukoo ukaitwa kulisikiliza shauri. Nasi walimu tuliitwa ili tuwe mashahidi na kuandika. Yule mwashi akasimama, akaeleza mpaka wa shamba lake mti kwa mti, na mwaka ambao marehemu baba yake alimkatia. Hakukosea hata neno moja. Lakini alipoona watu wanatazamana na kutabasamu, akapandisha sauti. Hapo mzee mmoja akamwuliza, “Mwanangu, leo umekunywa dawa?” Watu wakacheka. Mwashi akaketi. Shauri likaahirishwa mpaka baada ya mavuno. Nasi je? Nasi tulikuwa tumeshika kalamu. Tukacheka pamoja na wengine, kisha tukaandika kwamba shauri limeahirishwa. Twaandika maneno haya kwa sababu ya kicheko kile.

Hebu tulitazame swali lile la mzee. Lilimfunga mtu kuliko kamba ya jikoni, maana lilimwonyesha kwamba mtu aliyewahi kuugua akili hana tena ruhusa ya kukasirika. Mwingine akinyang'anywa shamba akapaza sauti, twasema ana uchungu na haki yake. Huyu akipaza sauti, twasema kichaa kimempanda. Akinyamaza, twasema kimeanza kurudi. Akicheka, twatazamana. Akilia msibani kupita wengine, twamtoa nje. Basi, atafanya nini ili ahesabiwe kuwa mtu? Hakuna tendo hata moja lililosalia ambalo sisi hatujalitia katika hesabu ya wazimu wake.

Mtu akiugua malaria akaweweseka usiku kucha, akiwaita watu waliokufa zamani, asubuhi homa ikishuka twampa uji na kumjulia hali. Hapana amwitaye mwenda wazimu. Mtu akivunjika mguu, akipona twamwona akitembea, wala hatumwulizi kila siku kama mguu umevunjika tena. Lakini ugonjwa wa akili tumeupa jina lisilokufa. Hata jina la hospitali yenyewe, Mirembe, tumeligeuza kuwa tusi. Mtoto akikosea hesabu darasani, mwenzake humwambia kwamba afaa kupelekwa Mirembe. Na mwalimu, twakiri, mara nyingi huona ni mzaha. Watoto wajifunzapo neno hili kwetu, tusishangae wakimtupia mawe mgonjwa sokoni.

Nasi twasema wazi: kumnyang'anya mgonjwa wa akili mali yake, nyumba yake, na neno lake barazani ni wizi, hata ukifanywa na ndugu, hata ukifanywa kwa jina la huruma. Aliyepona arudishiwe jembe lake. Na asiyepona bado, jembe ni lake vilevile. Twajua kwamba wengi hawatatukubali. Basi, tuzitazame hoja zao moja moja.

Wa kwanza husema, “Ugonjwa huu hauponi. Mwenda wazimu ni mwenda wazimu mpaka kaburini.” Zamani neno hili lilikuwa na sababu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye wakaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, na kazi hiyo yaendelea hata leo. Serikali ya Waingereza nayo ikafungua hospitali ya Mirembe mwaka 1927. Katika miaka hiyo waganga wa hospitali walikuwa na kitanda, mlango na subira, lakini dawa ya kufaa hawakuwa nayo. Wagonjwa wengi walikwenda wasirudi, na watu wa vijijini wakasadiki kwamba safari ile ni ya kuzikwa.

Lakini dunia haikusimama hapo. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alieleza jinsi dawa iitwayo lithiamu ilivyowatuliza wagonjwa waliochachamaa. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kuwapa wagonjwa wao kloropromazini, na baada ya muda wagonjwa waliofungwa miaka mingi wakaweza kuketi, kula na kuzungumza. Tangu hapo dawa nyingine zimeongezeka. Leo wako wanaopona wasiugue tena. Wako wanaopona na kuugua tena kwa vipindi, kama mtu wa pumu. Wako wanaoishi na dawa siku zote, kama mtu wa kisukari. Nao wako ambao dawa haiwasaidii sana; hilo hatulifichi. Lakini kusema kwamba hapana aponaye ni kukana jambo tunaloliona kwa macho. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tena nchi yetu wenyewe ina mafunzo yake. Baada ya uhuru, serikali ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili. Humo mgonjwa aliyekwisha kutulia alilima, alifuga, akajizoeza kazi kabla ya kurudi kwao. Kisha, katika miaka ya 1980, Tanzania ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark ilijaribu mpango katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ili watumishi wa zahanati na vituo vya afya wafundishwe kuutambua na kuutibu ugonjwa huu karibu na nyumbani kwa mgonjwa, asilazimike kusafirishwa mbali. Na huko Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha mwaka 1954, mahali paitwapo Aro karibu na mji wa Abeokuta, utaratibu ambao mgonjwa alipanga kijijini pamoja na ndugu yake, akaenda hospitali kwa matibabu na kurudi jioni kukaa na watu.

Msomaji, liangalie jambo hili kwa makini. Wenye maarifa ya ugonjwa walimpa mgonjwa jembe na majirani, wakayahesabu kuwa sehemu ya uponyaji wake. Sisi twamnyang'anya jembe na majirani akiwa amekwisha kupona, halafu akiugua tena twasema, “Tulijua tu.” Nani asiyeugua akinyimwa kazi, salamu na chakula cha jasho lake?

Wa pili husema, “Huyu amelogwa,” au “Ana laana ya ukoo,” au “Ana pepo.” Hatutaki leo kubishana na mtu juu ya kila jambo alilolipokea kwa babu yake. Tutamwonyesha jambo moja tu lililotokea ng'ambo ya bonde la Kilombero, huko Mahenge katika Ulanga. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, nacho si wazimu. Lakini watu wa kale waliviweka katika kapu moja. Watu wa Mahenge walikiogopa sana kifafa. Mgonjwa alikula peke yake na kulala peke yake, maana walidhani kwamba mate yake huambukiza. Na akianguka motoni wengi hawakuthubutu kumgusa ili kumtoa, hata akaungua. Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke, mwenyeji wa Norway, jina lake Louise Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa. Aliwapa wagonjwa vidonge vya bei ndogo. Wengi waliokuwa wakianguka mara kwa mara wakaacha kuanguka, au wakaanguka mara chache tu. Watu wakaona kwa macho yao kwamba yule waliyemkimbia sasa alima, apika, alea mtoto. Pepo gani basi hukimbia kidonge?

Lakini hata kama mtu hataki kuiacha imani ile, na tumwulize swali moja. Ikiwa ndugu yako amelogwa, je, mchawi amekuandikia wewe shamba lake? Ikiwa ana pepo, je, pepo huyo amekukabidhi bati za nyumba yake? Tumeona ajabu hii mara nyingi: wenye kusadiki kwamba ndugu yao ameonewa na adui humwonea wao wenyewe kwa mara ya pili. Na wale wanaowafungia wagonjwa mahali pa maombi, wakiwanyima dawa na chakula siku nyingi kwa jina la kufunga, twawaomba wakumbuke kwamba sala haikuikataza dawa kamwe. Mgonjwa aombewe, na kidonge chake anywe.

Wa tatu husema, “Ni watu wa hatari. Atatuua usiku.” Hoja hii twaipa heshima, maana yatoka katika hofu ya kweli. Ni kweli kwamba mgonjwa mmoja mmoja, ugonjwa ukimzidi, huweza kupiga au kuchoma. Hapo yafaa kumshika kwa wema, watu wengi pamoja, bila kumpiga, na kumfikisha upesi kwa waganga wa hospitali. Lakini wengi wa wagonjwa hawa hawamdhuru mtu. Wao ndio wadhuriwao. Hupigwa, hutupiwa mawe, hulazwa na njaa, na wanawake miongoni mwao huharibiwa usiku na wanaume ambao mchana hujiita wenye akili. Watoto wazaliwao hivyo twawajua, na baba zao twawajua pia, ila hatusemi. Ni nani basi aliye wa hatari?

Tena tupime kwa mizani moja. Msimu wa ulanzi ukifika, mwaka baada ya mwaka, twaona watu wamelewa, wamepigana kwa magongo, wamewatoa wake zao damu. Je, twawanyang'anya mashamba? Twawakataza kusema barazani? La, asubuhi twawaambia, “Pole, jana ulizidiwa.” Mlevi aliyejitakia twamsamehe kwa usiku mmoja, mgonjwa ambaye hakujitakia twamhukumu maisha. Mizani hii imepinda.

Wa nne ndiye mwenye maneno matamu kuliko wote. Husema, “Sisi hatumnyang'anyi. Twamtunzia tu, maana hajui kutunza mali. Akiachiwa ataiuza kwa bei ya pombe.” Huyu twamjibu hivi. Mlinzi wa ghala hageuki kuwa mwenye mahindi. Ikiwa wamtunzia ndugu yako, mavuno ya mwaka jana yako wapi? Uliuza magunia mangapi? Fedha ya dawa yake ilitoka katika mavuno hayo, au ilitoka katika mbuzi wa dada yake? Watoto wake walivaa nini siku ya kufungua shule? Mtunzaji wa kweli hutoa hesabu kabla hajaulizwa. Asiyetoa hesabu, tumwite kwa jina lake.

Na sheria haikuliacha jambo hili mikononi mwa kila kaka mwenye nguvu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilitungwa na Bunge letu kwa ajili ya uangalizi na ulinzi wa wagonjwa hawa. Ugonjwa ukimzidi mtu hata asiweze kuangalia mali yake, kazi ya kumweka msimamizi ni ya mahakama, na msimamizi huyo anasimamia kwa faida ya mgonjwa. Si kazi ya ukoo ulioketi chini ya mwembe na kucheka. Tena mwaka 2009 Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake ya watu wenye ulemavu. Mkataba huo wawahesabu pia walio na ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaowazuia kushiriki sawa na wengine; tena wasema katika ibara yake ya 12 kwamba wana haki ya kutambuliwa mbele ya sheria sawa na watu wote, na wasaidiwe pale wanapohitaji msaada ili waamue mambo yao. Angalia neno hilo: wasaidiwe kuamua, wala si kuamuliwa.

Hatusemi kwamba sheria zetu zimekwisha kunyooka zote. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 5, inaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kumzuia raia asipige kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Katiba hiyohiyo yasema katika ibara ya 12 kwamba watu wote ni sawa na kwamba utu wa kila mmoja uheshimiwe. Maneno haya mawili hayakai vema pamoja, na yafaa wenye kututungia sheria wayatazame tena. Ugonjwa una namna nyingi na vipindi vingi. Kumwambia mwashi wetu, ambaye leo aweza kukuhesabia matofali ya nyumba nzima pasipo karatasi, kwamba ugonjwa uliopita waweza kumwondolea kura, ni kuiandika hofu ya kijiji katika kitabu cha nchi. Lakini tusikimbilie kuwalaumu wakubwa wa Dodoma. Sheria nzuri tulizo nazo sisi hatuzifuati. Tukipewa nzuri zaidi tutazifuata lini?

Kwa kuwa wengi wetu hujivunia kusoma Biblia, na tuwakumbushe habari iliyo katika kitabu cha Danieli, sura ya 4. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alipotewa na akili. Akaondolewa kati ya watu, akala majani kama ng'ombe, nywele zake zikawa ndefu na kucha zake kama za ndege. Muda wake ulipotimia, akili zake zikamrudia. Je, mawaziri wake walimwambia, “Tulia kwanza, mambo ya ufalme yataka akili”? La hasha. Imeandikwa huko kwamba walimtafuta wenyewe, naye akarudishwa katika enzi yake na heshima yake. Huyo alikuwa mfalme wa mataifa, naye alirudishiwa ufalme mzima. Sisi twashindwa kumrudishia ndugu yetu ekari mbili na jembe. Watu wa Babeli, ambao twawaita wapagani, watatuhukumu.

Wala mtu asijidanganye kwamba jambo hili ni la nyumba za wengine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 970 duniani, yaani mtu 1 katika kila watu 8, waliishi na ugonjwa wa akili wa namna fulani. Si wote wavuao nguo njiani. Wengi wao wana huzuni isiyokwisha au hofu isiyo na sababu. Huenda shambani, huja ibadani, hujibu “Kamwene” kama watu wengine, na ndani wanakufa. Yuko mama aliyejifungua salama kisha asitake kumtazama mtoto. Yuko kijana ambaye ameacha kula na kuoga, nasi twamwita mvivu. Watu hawa hawasemi, kwa sababu walikuwapo siku ile ya kicheko, wakaona malipo ya mtu ambaye ugonjwa wake umejulikana. Mficha maradhi kilio humfichua, hilo kweli. Lakini sisi ndio tunaomfundisha mgonjwa kuficha. Na wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Ubao tunaoupigia msumari leo, kesho huenda ukawa mlango wetu.

Basi, yatupasa tufanye nini? Hatutaki kumaliza kwa maneno matupu.

La kwanza, kamba ziondoke. Mtu akianza kuugua, asifungwe jikoni hata kidonda. Apelekwe hospitali siku zile za mwanzo. Siku hizi safari ya Dodoma si njia pekee. Hospitali kubwa za mikoa yetu ya Iringa na Mbeya ziko, na zahanati iliyo karibu ndiyo mahali pa kuulizia kwanza. Majuma matatu ya kamba ni majuma matatu ambayo dawa ingekwisha kuanza kazi.

La pili, mgonjwa anapoondoka kwenda hospitali, mali yake iandikwe mbele ya mashahidi: shamba na mipaka yake, mifugo, bati, vyombo, majembe. Karatasi moja ikae kwa mwenyekiti wa mtaa, nyingine kwa ndugu amtunzaye. Akirudi, isomwe mbele yake, kitu kwa kitu. Kuandika twajua, ndiyo faida ya shule.

La tatu, barazani ajibiwe hoja yake. Ikiwa asema mpaka uko kwenye mti fulani, twende tukautazame mti. Mtu ye yote atakayemwuliza habari za dawa mahali pa kujibu habari za shamba, mwenye kiti na amnyamazishe.

La nne, twajiambia sisi wenyewe walimu: tuyaondoe matusi yale darasani. Watoto wetu wafundishwe kwamba ubongo huugua kama tumbo liuguavyo, na kwamba Mirembe ni nyumba ya matibabu. Mwalimu asiyeweza kuacha mzaha huo hafai kumkemea mtoto kwa mzaha wo wote.

La tano, asiyepona. Huyu ndiye atupimaye kweli, maana aliyepona huweza siku moja kujitetea. Yule azungukaye sokoni na mzigo wa matambara, asiyetujibu tukimsalimu, naye ana mama aliyemzaa, ana sehemu yake katika shamba la baba yake, ana haki ya kula chakula kisichotupwa chini, na ya kulala mahali pasipovuja. Haki hizi hakupewa kwa sababu ya akili zake, hata azipoteze pamoja na akili. Alizaliwa nazo. Tukisema kwamba mtu ana haki kadiri ya akili yake, basi mtoto mchanga hana haki, na mzee aliyesahau majina ya wajukuu hana haki, na sisi sote tukilala usingizi tumekwisha kunyang'anywa.

Sasa mahindi yamekauka shambani, na mavuno yamekaribia. Ukoo ule utaketi tena kama ulivyoahidi. Dada yake yule mwashi alikuja kwetu juma lililopita, akauliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, mtakuja?” Tulimwambia tutakuja. Tutakwenda kwanza shambani pamoja na wazee, tutembee mti kwa mti kama alivyosema mwashi, tuandike. Kisha tutaketi barazani. Akipaza sauti, tutamwacha apaze, maana shamba ni lake na uchungu ni wake. Na mtu akiuliza tena swali lile la dawa, safari hii hatutacheka. Twawaomba ninyi msomao, po pote mlipo, kwenye baraza la ukoo wenu, msicheke.